Kabla hujanunua shamba Masasi au Newala, pima maji

Swali linalonifikia mara kwa mara siku hizi linatoka kwa watu wa aina tatu. Wapo wastaafu wanaojiandaa kurudi kusini baada ya maisha marefu Dar es Salaam. Wapo vijana waliochoka kulipa kodi ya chumba Mbagala. Wapo pia watu wa mikoa mingine waliosikia kwamba Masasi na Newala ardhi bado inapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Wote wanauliza: nikijenga huko, nikalima na kufuga, nitaweza kulisha familia yangu bila kutegemea mshahara?

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo wengi hulifikiria mwisho: uwe umemaliza hesabu ya maji kabla hujatoa hata shilingi ya ardhi. Udongo wa huku unarekebishika na mbegu zinabadilishika. Shamba lenye maji mbali litakula nguvu zako kila siku ya maisha yako, na anayeumia kwanza ni mama na watoto wanaobeba ndoo.

Masasi na Newala ni nchi mbili

Watu huzitaja pamoja kwa sababu ni jirani na zote ziko Mkoa wa Mtwara. Kwa mtu anayetaka kuishi kwa shamba, tofauti zake ni kubwa.

Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukisimama pale mjini kwenye ukingo unaoitwa Shimo la Mungu, unaona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo. Hewa ni nzuri, usiku una baridi, na ardhi ni mchanga mwekundu wenye kina kirefu. Mchanga huo ndio unaoupendeza mkorosho, na ndio unaoyameza maji ya mvua. Juu ya uwanda huoni mto wala kijito. Wazee walijenga huko kwa usalama, na wanawake wakateremka mabondeni kuteka maji vizazi kwa vizazi. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, unasukuma maji kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari, kuyapandisha juu. Umeme ukikatika au pampu ikiharibika, uwanda mzima unajua.

Masasi iko chini, magharibi ya uwanda, kati ya milima ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Udongo wake unabadilika hata ndani ya kijiji kimoja: kichanga hapa, mfinyanzi kule, mbuga nyeusi bondeni. Ukanda wa Ndanda, Mwena na Chigugu, chini ya ukingo wa uwanda, una chemchemi, kwa sababu maji yaliyomezwa juu hutokea huko. Wamisionari Wabenediktini waliojenga Ndanda mwaka 1906 walikaa mahali penye maji, na hospitali yao ipo hadi leo. Chemchemi za Mbwinji ndizo zinazonywesha mji wa Masasi na Nachingwea.

Kwa hiyo mtu akikuambia "nina shamba Masasi," muulize kata gani. Lukuledi, Namajani na Mchauru hazifanani.

Nenda Oktoba

Mvua za huku ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katikati, Januari au Februari, huja kiangazi kifupi ambacho huunguza mahindi yakiwa yanachanua. Mwaka wa kawaida hutoa milimita 900 hadi 1,000, lakini miaka haifanani.

Madalali wanapenda kukuonyesha shamba Machi, kila kitu kikiwa kijani. Wewe nenda Oktoba au Novemba mwanzoni, lala kijijini walau siku tatu, na ufanye haya:

- Tembea na akina mama kwenda kuteka maji. Pima muda wa kwenda, kupanga foleni na kurudi.
- Uliza bei ya ndoo moja Oktoba, kisha uliza bei yake Aprili.
- Kama kuna bomba la kijiji, uliza lilitoa maji siku ngapi mwezi uliopita. Waulize watu watatu tofauti.
- Angalia alama za moto kwenye magome ya miti. Kati ya Agosti na Oktoba moto wa porini hupita mashambani, na mikorosho michanga haiponi.
- Jaribu kufika zahanati usiku kwa pikipiki. Malaria haingojei asubuhi.

Msomaji mmoja aliniuliza kwa nini nasisitiza jambo hili kana kwamba wenyeji hawaishi huko. Wanaishi, tena vizuri. Lakini wana ndugu kitongojini, wana mapipa waliyorithi, wanajua njia ya chemchemi gizani. Mgeni huanza bila lolote kati ya hayo.

Hesabu ya maji ya bati

Juu ya uwanda usipange kuchimba kisima chako. Maji yako chini mno na gharama yake ni ya serikali au wafadhili. Kinachowezekana kwa familia ni kuvuna maji ya mvua. Hebu tufanye hesabu yake pole pole.

Bati la nyumba ya mita 10 kwa 6 lina eneo la mita za mraba 60. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 900 inakupa lita 54,000. Toa moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kuvukia, unabaki na lita 43,000 hivi. Mwaka mbaya wa milimita 600 unakupa chini kidogo ya lita 29,000.

Sasa matumizi. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Novemba ni siku 200. Familia ya watu sita:

- Kunywa na kupika tu, ndoo mbili za lita 20 kwa siku: lita 8,000.
- Ukiongeza vyombo, kuoga na kufua kwa kubana, ndoo sita kwa siku: lita 24,000.
- Mbuzi kumi na kuku thelathini, ndoo mbili na nusu kwa siku: lita 10,000.

Utaona kwamba mwaka wa kawaida bati linatosha kwa miezi hiyo ya kiangazi. Kinachokwamisha ni mahali pa kuhifadhi. Watu hununua simtanki moja la lita 5,000 na kudhani wamemaliza. Kwa kunywa na kupika pekee, tangi hilo linakauka katikati ya Septemba, miezi miwili na nusu kabla ya mvua. Unahitaji hifadhi ya lita 20,000 kwenda juu, na kwa kiasi hicho tangi la saruji lililojengwa chini ya ardhi na fundi anayejua plasta huwa nafuu kuliko kupanga plastiki mstari mzima. Lijenge kabla ya nyumba kubwa. Banda lenye bati zuri, gata na tangi ni mwanzo bora kuliko nyumba ya vyumba vinne isiyo na gata.

Onyo ambalo halisemwi vya kutosha: kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na vumbi lake hutua kwenye bati lako hata kama hupulizi wewe. Mvua mbili za kwanza zimwage nje. Weka kipande cha bomba kinachozibuliwa ili maji hayo yasiingie tangini, na mdomo wa tangi uwe na wavu mbu wasizaliane.

Chungu cha mwaka mzima

Wageni wengi huanza na mahindi, kwa sababu ugali kwao ni mahindi. Nawashauri waanze na muhogo, kisha mbaazi, na mahindi yawe ya tatu. Muhogo unavumilia kile kiangazi cha Februari na udongo uliochoka. Mbaazi hurudisha rutuba, huvunwa Agosti na Septemba mashamba mengine yakiwa makavu, na mabua yake ni kuni.

Familia ya watu sita hula unga kilo mbili na nusu kwa siku, yaani kilo 900 kwa mwaka. Ili kupata unga huo wa muhogo unahitaji karibu tani tatu za mihogo mibichi. Kwa mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo, hiyo ni ekari moja na ushee. Muhogo hukaa shambani karibu mwaka, kwa hiyo tenga ekari mbili na nusu: nusu inavunwa, nusu inakua. Tafuta mbegu zinazovumilia michirizi ya kahawia na batobato, kama Kiroba. Usichukue vipando kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja, hata ukipewa bure. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, karibu na Mtwara mjini, kinajua mbegu zipi zinafaa eneo lako, na udongo wako unaweza kupimwa huko.

Pembeni panda kunde, choroko, njugu mawe na karanga. Mtama uwe na kipande chake. Mpapai, mwembe na mstafeli ikae karibu na bafu ipate maji yaliyotumika. Bustani ya mchicha wakati wa kiangazi ni ya watu wa Ndanda na mabondeni. Juu ya uwanda, mboga ya kiangazi ni kisamvu, majani ya kunde yaliyokaushwa na mlonge.

Muhogo mchungu na ugonjwa wa konzo

Hapa naomba usome taratibu. Mihogo mingi ya huku ni michungu, na uchungu huo ni sumu ya sayanaidi. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, hasa kwa watoto na akina mama. Huja mwaka wa ukame, mihogo ikizidi uchungu, watu wakiwa na njaa wakaharakisha kusindika, na hakuna mbaazi wala samaki pembeni ya ugali.

1. Usile ugali wa muhogo mchungu ambao haukuvundikwa au kukaushwa siku za kutosha. Makopa ya haraka haraka ndiyo hatari.
2. Kama una shaka na unga, ulowanishe kwa maji, utandaze kwenye mkeka uwe mwembamba usiozidi sentimeta moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Sumu huondoka na hewa.
3. Weka akiba ya mbaazi au kunde kwa ajili ya Januari hadi Machi. Ugali bila kitoweo chenye protini ndio unaoiachia sumu nafasi.

Nimeona watu wakibishana kuhusu aina ya bati huku jambo hili hawajalisikia. Mfundishe kila anayepika nyumbani kwako.

Mifugo

Anza na kuku wa kienyeji na mbuzi. Kuku wanaweza kufa wote kwa mdondo usipochanja. Chanjo ya matone ya I-2 inavumilia joto na hutolewa jichoni kila miezi mitatu. Jiunge na majirani, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikifunguliwa hakiwekwi. Ng'ombe achana nao mpaka uwe na maji ya uhakika na makubaliano na jirani kuhusu malisho. Nyuki wanafaa sana kwenye mikorosho, lakini mizinga ikae mbali na mahali panapopuliziwa dawa.

Korosho ni ya ada na chumvi

Huwezi kula korosho mwaka mzima, ila bila korosho hutalipa ada, hospitali wala bati. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti 28. Mche huanza kuzaa mwaka wa tatu, na mavuno ya maana huja miaka kadhaa baada ya hapo. Katika miaka ya mwanzo panda ufuta, karanga au kunde katikati.

Haya yajue kabla ya kuhesabu faida:

- Tangu msimu wa 2007/08 korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inakwenda ghala kuu, inanadiwa kupitia vyama vikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi, Mtwara na Nanyumbu. Bei inayotangazwa redioni ina makato kabla haijafika mfukoni.
- Malipo hayaji siku ya kupima. Usipange ada ya Januari kwa korosho ambayo bado iko ghalani.
- Mnunuzi wa kangomba atakujia Agosti, ukiwa huna kitu, akupe fedha kidogo kwa korosho zitakazovunwa Oktoba. Biashara hiyo imekatazwa na imewafilisi wengi. Dawa yake ni kuwa na chakula ghalani: mtu mwenye muhogo na mbaazi anaweza kumwambia hapana.
- Salfa mwaka baada ya mwaka huongeza uchachu wa udongo. Usipande muhogo wa familia chini ya mikorosho inayopuliziwa kila msimu.
- Bei hupanda na kushuka. Mwaka 2018 wanunuzi walisuasua hadi serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliongoja malipo kwa miezi.

Historia ina neno pia. Tanzania ilizalisha tani 145,000 hivi za korosho msimu wa 1973/74, kisha mavuno yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Bei na ugonjwa vilichangia, na vilevile watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao. Shamba lililo saa mbili kutoka kitandani huwa pori. Nunua ekari tano unazoweza kuziona ukiwa mlangoni, uziache ishirini za mbali.

Ardhi: muulize na mjomba

Sehemu kubwa ya ardhi huku ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Hatua zake:

1. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Dalali asiyekupitisha hapo, muage.
2. Peleka ombi lako kwa halmashauri ya kijiji, na hakikisha mkutano mkuu wa kijiji umeridhia kwa muhtasari wa maandishi.
3. Tembea mipaka na majirani wote wanne, siyo muuzaji peke yake.
4. Uliza habari za miti. Huku mikorosho inaweza kurithiwa au kuwekwa rehani ikiwa na mwenyewe tofauti na anayelima ardhi. Iorodheshe, na mkataba utaje kwamba unanunua ardhi pamoja na miti, na hakuna anayeidai.
5. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili wanafuata ukoo wa mama. Mume anaweza kuuza shamba ambalo ukoo wa mkewe unalitambua kuwa lao. Omba mke, wajomba na dada wakubwa wawepo na waweke sahihi.
6. Omba hati ya haki miliki ya kimila, ikiwezekana kwa majina ya mke na mume.

Asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kumiliki ardhi kwa njia hii. Ndugu zetu waliochukua uraia wa nje, msipite njia za panya kwa jina la mpwa. Mtakuja kugombana naye.

Mnayonirudishia

*"Bonde la Ruvuma lina maji na mpunga. Kwa nini nisikae huko?"* Lima huko, kaa juu. Mafuriko, viboko na tembo ni vya kweli, na vijiji vya Masasi na Nanyumbu vimelia na tembo miaka ya karibuni. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka mto. Ulizia hali ya usalama ofisi ya kata kabla ya kujenga karibu na mpaka.

*"Nitaleta trekta nisafishe ekari hamsini mara moja."* Jirani yenu Nachingwea ilionja hilo. Waingereza walianza mradi wa karanga mwaka 1947 baada ya uchunguzi wa wiki tisa, sehemu kubwa ukifanywa kutoka angani, wakaleta mashine, na mwaka 1951 wakaufunga kwa hasara kubwa mno. Lima ekari moja mwaka wa kwanza uone inakujibu nini.

*"Barabara ya lami ikifika ardhi itapanda, bora ninunue sasa."* Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ni kilometa 210, na lami inasogea. Itakusaidia kuuza mbaazi na kufika hospitali. Haitaleta maji shambani kwako.

Makosa yanayorudiwa

- Kutumia akiba yote kununua ardhi na kujenga, bila kubakiza chakula cha mwaka mmoja. Mavuno ya kwanza ya muhogo yako mwaka mzima mbele.
- Kuhamia Desemba. Hamia Juni au Julai: vuna ufundi wa majirani, fyeka, jenga tangi, halafu mvua ikukute tayari.
- Kufyeka miti yote. Acha miti ya kivuli na njia ya kuzuia moto kuzunguka shamba.
- Kutoenda msibani. Kitongoji kitakukumbuka kwa hilo kuliko kwa nyumba yako.

Ningemshauri nani aende wapi

Mstaafu mwenye mikorosho ya urithi Newala, mwenye uwezo wa kujenga tangi la lita 20,000 na mwenye ndugu kitongojini, aende Newala bila wasiwasi. Familia changa inayotaka bustani, mifugo na hospitali karibu, itafute ukanda wa Ndanda hadi Chigugu hata kama ekari ni ghali na itapata chache. Kijana asiye na ndugu huku akodi ekari mbili Masasi kwa misimu miwili kabla ya kununua. Na yeyote aliyeonyeshwa shamba la bei rahisi juu ya uwanda, lisilo na bomba, na hana fedha ya tangi, namsihi asinunue mwaka huu. Ajenge akiba ya tangi kwanza, ndipo amrudie muuzaji.